Konzi ya Mungu

Je, wewe unayesoma, umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya konzi moja ya mchele? Usicheke upesi. Watu wameoneana wivu kwa vitu vidogo kuliko hivyo, na nyumba zikavunjika.

Kwetu milimani mwanamke hateleki wali bila kumtengea Mungu wake. Akishapima mchele wa kuwatosha watu wa nyumbani, kabla maji hayajaugusa, hutia mkono akachota konzi moja, akaimimina kwenye kopo linalokaa karibu na mafiga. Asubuhi konzi, jioni konzi. Jumamosi wanawake wawili wa kanisa hupita na tenga la mgongoni, wanapima kilichomo kwa kikombe, wanakunywa chai, wanakwenda zao. Hata nyumba ambayo watoto wake wanalala na maboga matupu tumboni, kopo halikosi kitu. Ndiyo heshima ya mwenye jiko.

Nyumbani kwa Bi Darchhingi mwenye jiko alikuwa Biakmawii, mke wa mwanawe Thanghnuna. Thanghnuna ndiye kitinda mimba, na kwetu nyumba huachiwa kitinda mimba. Anayeolewa naye basi ameolewa na mama mkwe pia. Miaka kumi na minne Biakmawii alichota. Kopo lake lilikuwa la maziwa ya unga, limeshika kutu chini, picha ya ng'ombe imefutika imebaki pembe moja. Mkono wake ulikuwa mdogo na konzi yake ndogo, lakini haikupata kukosa. Hata siku alizojifungua alimwita jirani amletee kopo kitandani, akachota akiwa amelala. Hakuna aliyemsifu kwa hilo, naye alidhani hangojei sifa.

Ndipo wifi yake, Zirsangi, akarudi.

Alirudi mwezi wa tatu, ndoa imemshinda huko Lunglei, akiwa na begi moja na vijiti vya mtambo wake wa kufumia vimefungwa kwa mkanda wa ngozi. Uamsho ulikuwa umepita kijijini majuma yale yale, ngoma zinalia kanisani tangu mchana. Zirsangi akatubu mbele za watu, akaimba, akacheza mpaka kiatu kimoja kikamtoka kikaenda kuangukia miguuni pa Mzee Hrangchhuana, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Watu walilia. Bi Darchhingi alirudi nyumbani shingo ameinyoosha kama kuku aliyekunywa maji.

Siku ya tatu akasema, "Biakmawii, mwachie wifi yako kopo. Roho bado ni moto ndani yake. Mkono kama ule haupaswi kukaa bure."

"Mimi ndiye ninayepika, mama."

"Pika. Nani amekukataza kupika? Yeye achote tu."

Zirsangi akasogea mafigani akanawa mikono. Akatia yote miwili kwenye mchele, akaiunganisha kama anayeteka maji kisimani, akainua. Punje zikamwagika pembeni. Biakmawii alitazama konzi ile ya mikono miwili ikiingia kwenye kopo lake, akahisi kama mtu amefungua sanduku lake la nguo mbele ya wageni.

*

Jumamosi walikuja Bi Lalpari na mwenzake. Bi Lalpari ni mnene, mcheshi, na hakuna siri ambayo haijawahi kupanda kwenye tenga lake. Alinyanyua kopo kwa mkono mmoja, likamlemea, akacheka.

"Eh! Leo kopo hili limeshiba! Limekula nini?"

Bi Darchhingi alikuwa na maji ya tumbaku mdomoni. Bibi huyu, kama wengi wa umri wake, huyashika mdomoni muda mrefu, na akiwa nayo huwezi kupata neno kwake. Alikwenda dirishani, akayatema bondeni, akajipangusa taratibu.

"Hiyo ni konzi ya binti yangu," alisema.

"Ndiyo maana! Vikombe tisa, jamani. Nyumba hii tulikuwa tunapata vitano."

"Vitano na nusu," alisema Biakmawii. Hakuna aliyesikia. Alikuwa anamimina chai ya sukari guru, na birika likaendelea kumwaga baada ya kikombe kujaa, mpaka Bi Lalpari akavuta mguu wake.

"Mama watoto, unataka kunichemsha?"

Wakacheka wote. Zirsangi naye alicheka, kidogo, huku akimpa wifi yake kitambaa cha kufutia.

*

Gunia halijui uamsho. Likichotwa sana, linapungua. Mwisho wa mwezi wa nne Thanghnuna aliingiza mkono guniani, akagusa chini.

"Gunia hili linavuja?"

"Mwulize anayechota," Biakmawii akamjibu.

"Namwuliza anayepika."

Bi Darchhingi akadakia kutoka kwenye kigoda chake, "Mimi nimesema siku nyingi. Anateleka wali kama wa harusi. Wa jioni unalala, wa asubuhi unakwenda kwa nguruwe."

Ulikuwa uongo. Biakmawii hupima kwa kikombe kilichovunjika mshikio, na sufuria yake haijapata kubakiza kitu zaidi ya ukoko ambao wanawe hugombania. Jioni ile alipunguza wali, na akajipunguzia yeye. Zirsangi alipokuwa anakula, mama yake alimwekea kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa moshini, kile chenye mafuta. "Kula, mwanangu. Umekonda huko kwa watu."

*Mwanangu.* Biakmawii alikitazama kile kipande mpaka kikaisha.

Kesho yake mchana mama mkwe alilala. Thanghnuna alikuwa kwenye shamba la tangawizi, watoto shuleni. Chini ya nyumba, maana nyumba zetu husimama juu ya nguzo, kwenye uvungu ambapo kuku hujificha mvua, Zirsangi alikuwa amekaa kwenye mtambo wake, ubao wa kukazia nyuzi unagonga: ta, ta, ta. Biakmawii alifunua kopo. Akachota konzi moja, akairudisha guniani.

"Narudisha kilichozidi tu," alijiambia. "Mungu aliridhika na konzi yangu miaka kumi na minne. Hakupata kulalamika."

Kwa haraka yake punje chache zikaanguka sakafuni, zikapotelea kwenye nyufa za mbao. Hakujali. Nyufa zile zimekula makombo mengi, na kuku wa chini wanajua kazi yao. Alisikia tu mlio wa mtambo umenyamaza kidogo, kisha ukaendelea: ta, ta, ta. Anapumzika, alifikiri.

Siku ya pili akarudisha konzi mbili. Juma la tatu hakuwa anahesabu tena vilivyozidi.

*

Vikombe tisa vikawa sita. Sita vikawa vitatu. Jumamosi moja Bi Lalpari aliinua kopo likapaa juu bila uzito, akabaki amelishika hewani kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Ah," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Akapima kikombe kimoja na nusu. Chai hakuimaliza.

Siku hizo hizo watu walimwona Zirsangi akitafuna tambuu, midomo myekundu. Kwenye bomba la maji, ambako ndoo hupangwa tangu alfajiri, maneno nayo yakapangwa.

"Tambuu ya kila siku anaipata wapi mtu asiye na mume?"

"Anafuma nguo, si anauza."

"Nguo gani? Umewahi kumwona na nguo iliyokwisha?"

"Basi mimi sijasema kitu. Nimesema tu kopo lilikuwa limejaa, sasa halijajaa."

Biakmawii alikuwa kwenye mstari, ndoo mbili miguuni. Aliyekuwa mbele yake akageuka. "Wewe ndiye unayekaa naye. Hebu sema."

Hapo ndipo angeweza kusema. Alikuwa na nafasi pana kama barabara. "Mimi siangalii mkono wa mtu," alijibu, akainama kusukuma ndoo yake mbele. Wale wanawake wakatazamana, wakaelewa walichotaka kuelewa. Njiani kurudi, maji yakimmwagikia mabegani, alihisi utamu. Nisimfichie: alihisi utamu, kama wa kukuna upele. Ulidumu mpaka nyumba ya pili, kisha ukaanza kuwasha zaidi.

*

Kwenye mkutano wa Umoja wa Wanawake, mwenye zamu alisoma vipimo vya kila nyumba, kama wanavyosoma kila mwezi. Alipofika kwa Bi Darchhingi alishusha sauti, na kushusha kule kulikuwa kubaya kuliko kupiga kelele. Kina mama walitazama magoti yao. Bi Darchhingi alitoka kabla ya wimbo wa mwisho, na kwa miaka sabini na moja hakuwahi kutoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Alifika nyumbani akasimama mafigani hajavua hata kiatu.

"Zirsangi. Unaupeleka wapi mchele wa Mungu?"

Zirsangi alikuwa anasukuma kuni. Alinyanyua macho, akamtazama Biakmawii, si kwa muda mrefu. Kisha akayarudisha motoni.

"Sijui, mama."

"Hujui! Kopo unachota wewe, hujui?"

"Ninachota mama. Mungu anajua ninachota."

"Usimtaje! Usimtaje kwa midomo hiyo yenye tambuu! Mbele ya kanisa ulilia, ukacheza, ukatupa kiatu. Mimi nikajisifu. Nilijisifu kwa kila mtu, mpaka kwa muuza chumvi! Kumbe nimejifunga kengele mwenyewe nisikike nikianguka."

Thanghnuna alisema, "Mama, taratibu."

"Taratibu nini? Mzee Hrangchhuana ameniambia mlangoni: Jumapili ya Meza ya Bwana asinyooshe mkono, mpaka jambo hili liwe wazi. Binti yangu apitiwe na sahani ya mkate kama mlevi! Baada ya Jumapili hiyo utakwenda kwa shangazi yako mjini Aizawl. Ana jiko, ana watoto, atakupa kazi. Hapa nimeshindwa."

Bi Darchhingi akalitwaa kopo, akalisukuma kifuani kwa mkwe wake.

"Shika wewe. Mkono wako ni mdogo, lakini hauibi. Miaka kumi na minne hujawahi kuniibia."

Ndiyo sifa ya kwanza aliyopata Biakmawii katika nyumba ile. Aliishika na kopo lake, vyote viwili vya baridi, akatafuta mahali pa kuviweka akakosa.

*

Jumamosi ya kuamkia Meza ya Bwana, watu wa kwetu husafisha nyumba na kusafisha mioyo. Mwenye ugomvi humwendea mwenzake. Utaona wanaume wawili ambao hawasalimiani tangu mwaka jana wamekaa kwenye ngazi, kila mmoja anasubiri mwingine aanze. Mzee Hrangchhuana alikuwa amesema kanisani Jumatano, kwa sauti yake ile ya mafua, "Machozi ni mepesi, ndugu zangu, hata kitunguu kinayatoa. Toba ni kurudisha."

Biakmawii alipima mchele wa asubuhi. Akatia mkono. Mkono ulichota, ukafika juu ya kopo, ukakataa kufunguka. Alisimama vile mpaka maji ya sufuria yakachemka yakamwagikia kuni. Kutoka uvunguni hakukuja mlio wa mtambo.

Alishuka. Zirsangi alikuwa ameufungua mtambo kwenye nguzo, anakunja nguo aliyokuwa akiifuma. Ilikuwa nyeusi, yenye mistari ya kijani na myeupe, nguo nzito ya mwaka mzima. Imebaki shubiri moja kwisha.

"Basi la kesho kutwa linaondoka saa ngapi?" aliuliza Biakmawii, kwa kuwa hakujua pa kuanzia.

"Kumi na mbili asubuhi, wifi."

"Chukua blanketi. Kuna baridi."

"Ahsante, wifi."

Kuku akapita katikati yao. Biakmawii alitazama juu, akaona sakafu ya jiko lake kutoka chini, kama hajawahi kuiona. Ufa mmoja mpana ulikuwa juu kabisa ya mahali Zirsangi anapokaa. Mwanga wa jikoni ulipenya pale kama uzi. Na juu ya ule ufa ndipo gunia linapokaa.

Akafuata kwa macho kutoka ufa mpaka kwenye mtambo.

Zirsangi alifungua pindo la kitambaa chake cha kichwa. Ndani kulikuwa na mchele, kiasi cha yai la kuku. "Punje zilikuwa zinaniangukia kwenye nyuzi," alisema. "Kila mchana. Mwanzoni nilidhani ni panya. Kisha nikaona kivuli chako. Sikutaka kuku wazile, ni za Mungu."

"Uliniona."

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?" Biakmawii alipaza sauti kama yeye ndiye aliyekosewa. "Mbona ulinyamaza? Ulitaka uwe mtakatifu na mimi niwe nini? Hata kwa kunyamaza unishinde?"

"Ningesema nini, wifi? Mimi ni mtu aliyerudishwa. Neno la mtu aliyerudishwa lina uzito gani? Ningekutaja, wangesema mwizi na mchongezi." Akaketi juu ya vijiti vyake. "Halafu mimi nawe tuko sawa. Unadhani konzi ile ya mikono miwili ilikuwa ya Mungu? Ilikuwa ya mama. Nilimwona anavyonitazama siku ile nilipocheza, nikataka anitazame vile kila siku. Nilijua gunia linakwisha. Nilijua unajipunguzia. Nilikuona ukikwangua ukoko, na jioni nikachota tena mikono miwili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe una mahali ambapo hakuna anayekuuliza unaondoka lini." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na tambuu, kama unataka kujua, ananipa mke wa mchungaji. Namfumia nguo hii. Sasa wewe panda juu ukapike. Usiseme neno. Mimi nikiondoka yatakwisha yenyewe."

Ni kweli, yangekwisha. Jiko lingerudi kuwa lake, kopo lake, ufa usio na mtu chini yake. Biakmawii alilipima jambo hilo, akasimama nalo muda wa kutosha moto kuzimika kabisa huko juu. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hizo punje."

*

Alasiri Bi Lalpari alifika na mwenzake, tenga limejaa nusu. Bi Darchhingi alikuwa kwenye kigoda, maji ya tumbaku mdomoni, macho dirishani. Thanghnuna alikuwa mlangoni ananoa panga. Begi la Zirsangi lilikuwa ukutani, limefungwa.

Biakmawii hakuleta kopo. Alileta beseni la kuogeshea watoto, limejaa mchele, amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akaliweka mbele ya Bi Lalpari.

"Huu nini tena, mama watoto? Kuna harusi?"

"Ni mchele wa Mungu. Nilikuwa naurudisha guniani, mchana, mama akilala. Nimekisia. Nimeongeza, nisije nikapunja." Juu ya lundo akaweka kitambaa kilichofungwa fundo. "Na hizi ndizo zilizoanguka. Wifi yangu aliziokota. Hajaiba punje. Mwizi ni mimi."

Panga la Thanghnuna likanyamaza kwenye jiwe.

"Mawii," alisema mumewe taratibu, "unajua unachosema?"

"Mwambieni Mzee Hrangchhuana sahani kesho inipite mimi. Zirsangi anyooshe mkono."

"Wifi, basi," alisema Zirsangi kutoka pembeni.

Wote wakamgeukia Bi Darchhingi. Naye alikuwa amejaa mdomo, mashavu yametuna, hawezi kusema, na hakusogea kwenda dirishani. Macho yalimtoka. Alimtazama bintiye, akalitazama lile begi, akamtazama mkwe wake. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, aliyameza maji ya tumbaku yote, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Zirsangi akakimbia kumpigapiga mgongo. Aliushika mkono wa bintiye, hakuuachia.

"Ulikuwa na njaa?" alimwuliza Biakmawii, sauti imekwaruza.

"Hapana, mama."

"Ulikuwa unauza?"

"Hapana, mama."

"Mimi nimekuweka humu miaka kumi na minne. Nimemtukana mwanangu wa kumzaa kwa ajili ya mkono wako. Nimemfungia begi." Akapiga goti lake kwa ngumi. "Sasa niambie, maana mimi sielewi, na nitakufa sielewi. Mchele ule ule ulitoka guniani, ukarudi guniani. Ulikuwa unataka nini?"

Biakmawii alitazama kopo, pale karibu na mafiga, na ng'ombe wake wa pembe moja. Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto wa darasa la kwanza anayeitwa ubaoni.

"Nilitaka siku moja tu, akija Bi Lalpari, wewe useme: hiyo ni konzi ya Biakmawii."